Vyuma vya Wakoli

Saa mbili asubuhi Lornah, fundi wa mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za mwili kwa sumaku, katika hospitali moja ya Kisumu, alimsomea Wakoli maswali ya kwenye fomu. Wakoli alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Miguu ilikuwa imemkataa tangu Februari. Mshipi, saa na simu alikuwa amempa mkewe, Nasipwondi.

"Mzee, uko na chuma mwilini?"

"Hapana."

Alijibu alivyozoea kujibiwa. Miaka kumi na tisa alikuwa kibarua wa kiwanda cha sukari, jina lake likiandikwa ubaoni kwa chaki asubuhi na kufutwa jioni. Mnyororo wa kupandishia miwa ulipokatika ukampiga mgongoni, kiwanda kilisema hakimjui. Alitaka barua moja tu ya kukiri kwamba aliumia kazini. Bila barua hiyo hakuna ambaye angegharimia upasuaji, na bila upasuaji asingetembea tena.

Lornah alimtia vizibo masikioni, akampa mpira wa kubonyeza akizidiwa, akamwambia mashine itagonga sana na asitikisike. Kitanda kikaingia ndani.

Dakika ya nne vyuma vikaanza kumtoka. Kwanza ulikuwa unga wa chuma, ukipenya ngozi bila damu na kunata kwenye ukuta wa mashine. Zikafuata nati, kisha jino la gia, kisha mnyororo, pingili baada ya pingili, kutoka mgongoni. Iliuma mno. Wakoli alilia kimya, lakini hakutikisika wala hakubonyeza mpira. Lornah alileta karai, akarudi kuleta la pili, akilalamika kwamba watu wa viwandani humchelewesha kila wiki. Kisha akaendelea kupiga picha. Pingili mbili za uti wa mgongo zilikuwa zimepondeka.

Kila chuma kilikuwa na mhuri wa kiwanda na namba. Nasipwondi alikuwa amepigia kiwanda simu mara kumi na moja bila kusikilizwa. Safari hii hakutaja jina la mumewe. Alisoma namba za vyuma. Kabla ya saa sita pikapu ilikuwa imefika.

Karani wa kiwanda alishuka na daftari, akalinganisha namba moja moja, akausifu mnyororo kwamba haujashika kutu. Alikuwa mtu wa adabu. Nasipwondi alipomwomba ile barua, alisikitika akasema mzee huyu hamjui. Mnyonge hana haki, na hilo Nasipwondi hakuhitaji kuambiwa na mtu wa daftari.

Halafu karani akaona nati moja iliyo daftarini haipo. Akaomba mzee arudishwe kidogo kwenye mashine.

"Mimi sijawahi kufanya kazi kwenu," Wakoli akasema. "Sasa nati yenu ningeitoa wapi?"

Karani alifikiri, akaona ni kweli. Akaandika kwamba imepotea, akapakia vyuma vyake, akaondoka.

Nasipwondi aliweka bahasha ya picha kwenye mapaja ya mumewe, akamsukuma kuelekea langoni. Barabara ya hospitali ilikuwa na mashimo. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, ile nati iliyokosekana iligonga ndani ya ubavu wa Wakoli, naye akaiwekea mkono juu ili askari wa langoni asiisikie.