Hotuba ya Mama Mapokezi

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini mtaani hakuna aliyelihitaji. Aliitwa Mama Mapokezi, kwa kuwa tangu ujana wake alisimama nyuma ya kaunta ile ile ya hoteli ile ile ndogo, jirani na uwanja wa ndege, akiwapokea watu waliotoka nchi za baridi. Mgeni akishuka kwenye teksi na sweta lake, uso umeiva kama nyanya, Mama Mapokezi humpa kwanza glasi ya maji, kisha ufunguo, kisha hotuba.

Na hotuba yenyewe usiichezee. Maji ya kunywa ni ya chupa au yaliyochemshwa, na usingoje kiu ndipo unywe. Wingu lisikudanganye, jua la kwetu linaunguza hata likiwa limejificha. Vaa kofia na nguo za pamba zisizobana. Jioni vaa mikono mirefu, maana mbu hawana adabu. Chandarua kichomeke chini ya godoro, si kukining'iniza kama pazia. Tunda limenye mwenyewe. Teksi patana bei kabla hujapanda. Mtu msalimie kwanza ndipo umuulize njia. Ukianza na swali utajibiwa, lakini utajibiwa nusu. Mvua ikija usishindane nayo, jibanze mahali, yenyewe ina haraka kuliko wewe.

Wageni walimpenda. Wengine walirudi mwaka wa pili wakaomba hotuba irudiwe, kama watu wanaoomba wimbo. Naye alikuwa na kanuni yake ya kazi, ambayo hakumfundisha mtu ila aliishika kuliko zote: mgeni hashurutishwi. Mweleze, halafu mwache achague mwenyewe. Ukimbembeleza leo, kesho hakuamini.

Sasa kijana wake wa pekee alikuwa ameoa hukohuko ughaibuni alikohamia, na Mungu akamjalia binti. Mama Mapokezi alimjua mjukuu huyo kwa simu tu: pua, meno mawili yaliyong'oka, na sauti inayokatikakatika mtandao ukichoka. Habari zilipokuja kwamba likizo hii wanakuja wote watatu, mama wa watu alitaka kitu kimoja duniani, na hakumficha mumewe. Alitaka mtoto yule alale chini ya paa lake, aamke asubuhi amkute bibi yake jikoni.

Mumewe, fundi bomba aliyestaafu lakini bado anatembea na spana mfukoni, alianza kazi kesho yake. Alipaka rangi chumba cha zamani cha kijana wao, akaweka nyavu mpya madirishani, akapanda juu ya paa kusafisha tangi la maji.

Ndipo mkwe akapiga simu. Alikuwa mtoto wa watu walioondoka nchini zamani. Alizaliwa kwenye baridi na kulelewa kwa Kiswahili kizuri, ila kimepigwa pasi mno.

"Shikamoo mama. Ninaomba uniambie, tujiandae vipi?"

Hebu ona mazoea yanavyomfanyia mtu. Mama mwingine angesema njooni tu mwanangu, na habari ingeishia hapo. Huyu wetu alikohoa, akanyoosha mgongo kana kwamba kaunta iko mbele yake, akaanza. Alitoa hotuba yote, na kwa ajili ya mtoto akaongeza: muoneni daktari mapema, si siku ya kupanda ndege, sindano ya homa ya manjano na cheti chake, dawa za kuzuia malaria mtakazoandikiwa, dawa ya kupaka ya mbu na ya jua, nakala za pasipoti ziwekwe mbali na pasipoti zenyewe. Pa kulala pawe na nyavu madirishani, feni inayozunguka kweli, maji salama, na hospitali isiwe mbali.

Mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, sauti imepungua kidogo, "Na wewe mama ungependa tulale wapi?"

"Hiyo ni hiari yenu, mwanangu," Mama Mapokezi akajibu kwa upole wake wote wa kazini. "Chagueni panapowafaa."

Alikata simu akiwa na furaha tele. Alijiona amemheshimu mkwe wake kuliko mama mkwe yeyote wa mtaa ule.

Jumapili yake kijana akapiga. "Mama, usihangaike na malazi. Tumeshapata chumba."

"Chumba gani tena?"

"Hapo hotelini kwako. Mwenzangu ametafuta mtandaoni, anasema pana kila kitu ulichomwambia. Nyavu, feni, maji, hata hospitali iko karibu."

Mama Mapokezi alikaa chini kwenye kigoda ambacho hakukumbuka kukivuta. Wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani wanayekaa naye ua mmoja, alikuwa anashona pindo la shela hapo hapo barazani na alikuwa amesikia yote. Alicheka mpaka sindano ikamponyoka.

"Mchimba kisima kaingia mwenyewe," alisema. "Wifi, umempa mke wa mwanao hotuba ya watalii, naye kawa mtalii. Sasa mpigie, mwambie chumba kipo hapa."

"Mgeni hashurutishwi."

"Mgeni nani? Yule si mgeni, ni mkwe wako."

"Kama nyumba yangu haimtoshi, simlazimishi," alisema Mama Mapokezi. Iliuma, tusidanganyane. Aliiona nyumba yake kwa macho ya mtu mwingine: dari yenye alama ya mvua, mlango wa bafuni usiofungika mpaka uuinue. Akajisemea kwamba mtoto wa watu kazoea makubwa. Wala hakupiga simu. Kila jioni alipita mlango wa kile chumba kilichopakwa rangi, akaupita tu, na mumewe akaendelea kukaza koki zilizokwisha kazwa.

Siku ya kuja ilimkuta zamuni. Angeweza kuomba ruhusa, lakini akafanye nini nyumbani? Alipiga pasi sare yake, akapaka mafuta midomo, akasimama mahali pake. Teksi ikaingia. Kijana wake alibaki nje anashusha mabegi, na mlangoni akatokea mwanamke mwembamba mwenye kofia pana na mikono mirefu hadi vifundoni, amemshika mkono binti aliyevaa vivyo hivyo. Walikuwa wamefuata hotuba neno kwa neno. Hata chupa ya maji ilikuwa imeshanywewa nusu.

"Shikamoo mama," alisema mkwe, akasimama upande ule wa kaunta wanaosimama wageni.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Karibu mjukuu wangu."

Akawapa maji. Akageuka kuchukua ufunguo. Mtoto alikuwa amemkodolea macho, na pua ilikuwa ile ile ya kwenye simu, ila sasa ilikuwa na jasho juu yake. Mama Mapokezi alinyoosha mkono na ufunguo, akafungua kinywa kuanza hotuba, na hotuba ikagoma. Miaka yote ile haikuwahi kugoma. Alijaribu tena, akapata neno moja tu, "Chandarua."

"Mama, vipi?" mkwe akauliza.

"Mimi sitaki mlale hapa," alisema Mama Mapokezi. Ilitoka kama kikohozi, bila heshima za kazini wala mpangilio. "Nataka mlale kwangu. Dari ina doa, mlango wa bafuni unasumbua, ujue kabisa. Lakini nyavu zipo na maji nachemsha mwenyewe. Babu yake kapaka rangi chumba. Nataka huyu mtoto aamke kwangu."

Mkwe alivua kofia. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na kile Kiswahili chake cha pasi kikakunjamana chote.

"Si nilikuuliza, mama. Nilikuuliza ungependa tulale wapi, ukaniambia hiari yetu. Nililia siku ile. Nikamwambia mume wangu, mama hanitaki nyumbani kwake, amenipa masharti ya hoteli. Nikasema basi, nitalala hotelini kwake, angalau awe anatuona akiwa kazini."

Mama Mapokezi akauweka ufunguo juu ya kaunta. Kumbe kila mmoja alikuwa amekaa upande wake wa dunia, anaugulia mlango ambao hakuna aliyeufunga. Alitoka nyuma ya kaunta. Hakuwa na kawaida ya kutoka nyuma ya kaunta mgeni akiwa hajapanda chumbani, lakini alitoka, akamkumbatia mkwe wake mbele ya watu, sare na pasi yake vikaharibika, na mtoto akabanwa katikati mpaka akalalamika kwamba kuna joto.

Ufunguo ulirudi kwenye msumari wake. Meneja alitaka kujua kuna nini, akaambiwa na Mama Mapokezi kwamba chumba kiko wazi auze, na yeye anakwenda nyumbani, amuite wa zamu ya jioni. Hakungoja jibu.

Ndani ya teksi, mkwe aliyekuwa bado anafuta macho alimgeukia. "Haya mama, nipe maelekezo ya nyumbani."

Mama Mapokezi alifikiri. Alitafuta kote kichwani, na kwa jambo hili hakuwa na hotuba.

"Ukisikia njaa usiulize," alisema mwishowe. "Funua sufuria."

"Na la pili?"

"La pili silijui, mwanangu. Tutaliona hukohuko."

Jioni ile walikula, wakacheka. Fundi bomba akamwonyesha mjukuu wake jinsi ya kuuinua mlango wa bafuni, na mtoto akaufungua na kuufunga mpaka wifi akaomba amani. Mtoto alilala mapema kwa uchovu wa safari, chandarua kimechomekwa na bibi mwenyewe. Baadaye kidogo, watu wakiwa wamekaa barazani wanapunga upepo, mkwe aliinuka bila kuuliza akaingia ndani, na Mama Mapokezi akasikia kutoka jikoni mlio wa kifuniko cha sufuria.

Miguu yake ilikuwa imeshaingia kwenye ndala. Alikuwa ameinuka nusu, aende akampakulie, amtafutie sahani nzuri na kijiko kilichong'arishwa.

"Kaa," alisema mumewe.

Akakaa. Akasikia mwiko ukikwangua ukoko chini ya sufuria, kama anavyokwangua mtu wa nyumba ile.