Mshairi wa Vichochoro

Mtaani walimwita Vichochoro, na jina lilimkaa kama shati la kushonewa. Alikuwa mshairi, tena mtu wa kuchora ramani za mji na kuandika vitabu kwamba barabara pana hujengwa ili magari ya askari yapate kugeuka, si ili watu wapite. Tangu wenzake waliopinga bomoabomoa ya nyumba za mtaa wachukuliwe wasirudi, kila jioni alirudi nyumbani kwa njia nyingine. Atakayetaka kumvizia, alisema, na auvizie mji mzima.

Mkewe, fundi cherehani, alimcheka: mtu asiyejua kukunja shuka, eti ndiye anayeukunjua mji. Ila beti zake alizijua zote, na ole wake akikosea neno. Mumewe angesimamisha hata mazishi ili arekebishe.

Jioni moja, pale mlango wa mbele anaposhonea, akaja mteja mgeni, viatu vinang'aa, anataka kupunguziwa suruali. Soga likanoga. Akauliza kama mshairi ana njia aipendayo ya kurudia nyumbani. Fundi, ambaye ulimi wake haujui breki, akajibu kwamba njia ni nyingi ila zote zinaishia mlango wa nyuma, maana wa mbele amekaa mke, na bwana anaogopa kuulizwa alikokuwa.

Mteja akacheka sana. Akaondoka na suruali yake, hajapimwa.

Mkasi ukamponyoka fundi. Alipochungulia nyuma, yule wa viatu na mwenzake walikuwa wamejibanza ukutani kichochoroni, kimya kama nguo zilizoanikwa. Amtume nani, na mume mwenyewe hajulikani anapitia wapi? Akaburuta cherehani hadi mlango wa nyuma, akaketi, akashona kitambaa kisicho na kazi. Ubeti wa mumewe ulisema barabara iliyonyooka ina macho ya askari, na kichochoro kilichopinda kina moyo wa jirani. Yeye akauimba kwa nguvu, akiuharibu makusudi:

"Kichochoro kilichopinda kina macho ya askari..."

Nyayo zilizokuwa zikija nyuma ya kona zikasimama. Amesikia. Akaimba tena, akikanyaga cherehani kwa kasi. Geuka, baba watoto. Geuka uende zako.

Wale wawili wakatazamana.

Kisha nyuma ya kona ikatoka sauti kama ya mwalimu aliyechoka kusahihisha:

"Moyo wa jirani, mama watoto. Macho ya askari ni ya barabarani."

Viatu vinavyong'aa vikaanza kutembea kuielekea kona.