Begi Jepesi la Nuru

Mimi ni fundi wa mabegi, na nina ulimi. Mtu akiniletea begi bovu simwambii pole, namwambia alidanganywa. Hapa Mangobo, Kisangani, wananiita Papa Asumani Hasira, na jina hilo sijawahi kulikataa, maana nilidhani hasira zangu ni juu ya kazi mbaya tu: uzi uliooza, zipu ya bandia, mkanda ulioshonwa mara moja badala ya mara tatu. Leo nasimulia dhidi yangu mwenyewe. Nilimshonea binti yangu Nuru begi jepesi kuliko yote niliyowahi kushona, na kwa begi hilo, pamoja na neno moja nililolisikia vibaya, nilimpoteza mjukuu.

Nuru ana miaka ishirini na minne. Mama yake alifariki yeye akiwa shule ya msingi, akalelewa na dada yangu Zaina. Katika nyumba za Kiislamu za zamani kama yetu, binti hamwambii baba yake mambo ya mwili. Anamwambia shangazi, kisha shangazi anakuja kwa baba na kikombe cha chai, anazungumzia mvua, anazungumzia bei ya mchele, anazunguka mpaka baba aelewe mwenyewe. Zaina alifariki mwaka jana, mwezi wa mfungo. Nilimlilia dada yangu, wala sikufikiri kwamba tangu siku hiyo Nuru hakuwa na mtu wa kumtuma kwangu.

Kazi yake ni kuuza bidhaa kwenye machimbo ya dhahabu, mbali kupita Bafwasende. Pikipiki inamfikisha Bafwasende. Baada ya hapo ni miguu, siku tatu msituni, matope hadi magotini, na mito unayovuka juu ya gogo moja. Anabeba sabuni, mawe ya tochi, dawa za malaria, makayabu, yaani samaki wa chumvi, na nyembe. Kwa mtu anayetembea hivyo, kila kilo ya begi tupu ni kilo ya sabuni aliyoiacha nyumbani. Wazee husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nami nilikuwa nikijisifu kwamba kwangu mzigo wa mtu si usufi, kwa sababu mimi naupima.

Basi mwaka huu akatokea Lionel. Kijana wa pikipiki, ndiye aliyekuwa akimpeleka Nuru Bafwasende na kumrudisha. Wazazi wake ni wavuvi wa Yanonge, Wakristo, watu wa mto tangu babu na babu. Huyo Lionel akampa Nuru zawadi ya begi: kubwa, la kijani, lenye fremu ya chuma mgongoni. Nililichukua palepale nikaliweka juu ya mizani ya Vicky, muuza maharagwe ambaye meza yake inapakana na cherehani yangu. Kilo nne na robo, na ndani hamna hata sindano.

"Kilo nne na robo ya mapenzi," Vicky akasema, akicheka mpaka akashika mbavu.

Mimi sikucheka. Nilisema kwa sauti, soko zima likasikia, kwamba nyumba yangu haitapokea kitu cha wavuvi wa Yanonge, si begi wala posa. Nuru alikuwa amesimama hapo. Alilivaa begi lake na kuondoka nalo, na kwa miezi mitatu alikwenda nalo msituni na kurudi. Kila alipolitundika ukutani nilikuwa na la kusema, hata ikafika mahali sikuliita tena begi. Nililiita "ile kitu ya Lionel."

Siku moja, baada ya sala ya alasiri, alikuja kibandani. Vicky alikuwa ameenda Makiso kuchukua magunia yake bandarini, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Nilikuwa nashona kamba ya begi la mwanafunzi, macho yangu kwenye sindano.

"Papa, niko na neno."

"Sema."

Akasema polepole, "Papa, niko muzito."

"Najua," nikamwambia.

"Unajua?"

"Miye baba yako, nitakosa kujua? Si nakuona? Asubuhi unahema sawa muzee. Mugongo inakuuma."

"Inauma, papa." Alivuta pumzi. "Haukasiriki?"

"Nakasirika ju ulinyamaza! Ni miezi ngapi sasa?"

"Tatu."

"Miezi tatu! Toka siku Lionel alikupa ile kitu, nilijua itakuletea taabu. Bon. Mutoto mwanamuke hawezi kutembea mu pori na uzito vile. Ile uzito tutaitoa."

Nilikuwa nimeishika sindano mdomoni nikifungua uzi mwingine, kwa hiyo sikumtazama. Nakumbuka tu kwamba sauti yake ilishuka.

"Tuitoe kabisa, papa?"

"Kabisa. Hata gramu moja haitabaki. Hiyo niachie miye."

"Sawa, papa," akasema, na akaenda zake.

Sasa wewe unayesoma huenda umeshaelewa. Kila mwanamke wa Kisangani angeelewa. Hata mimi nililijua neno hilo. Marehemu mke wangu ndilo alilonipa alipokuwa na mimba ya Nuru, naye alilisema akitazama chini vilevile. Lakini fundi wa mabegi akisikia "uzito" anafikiria begi. Nilikuwa nimeliongelea begi lile miezi mitatu mfululizo, na nikafurahi kwamba hatimaye binti yangu amekubali kuwa nilisema kweli.

Kesho yake nilipanda toleka, baiskeli ya abiria, mpaka Makiso, kwenye marobota ya mitumba. Dereva wa baiskeli alinisubiri akinuna, kwa sababu nilivuta na kugeuza mabegi asubuhi nzima. Nilipata moja la wazungu wanaotembea milimani. Lilikuwa na mifuko kumi na mmoja, na vishikizo ambavyo sikujua vinashika nini. Nililipima kwa mkono: zito bado, kilo mbili na zaidi. Lakini lilinifundisha jambo. Lilikuwa na mkanda mpana wa kiunoni, wenye sifongo, wa kufungwa mbele ya tumbo. Nikalivaa likiwa na mawe ndani, nikakaza mkanda, na mabega yangu yakapumua. Mzigo wote ulikuwa umeshuka ukakaa kwenye nyonga. Watu wa sokoni walinicheka, mzee mzima anazunguka na mawe mgongoni, nami nikacheka nao. Nilikuwa na furaha siku ile. Ninalisema hili kwa sababu linaniuma kuliko mengine.

Sikulinunua. Nilirudi Mangobo nikashona la kwangu. Turubai nyembamba ya kufunikia mizigo, mshono mara tatu, hakuna chuma, hakuna mfuko usio na kazi. Kwa mgongo niliweka mkeka uliokunjwa. Mkanda wa kiunoni niliukata kutoka mpira wa ndani wa tairi la lori, nikauvisha kitambaa ili usichubue. Siku nne. Vicky alipoliweka kwenye mizani, jiwe la kilo moja lilishuka na begi likabaki juu. Hakuamini, akabadilisha sahani, begi likabaki juu tena.

Nilimwita Nuru nimvalishe. Nilijaza sabuni, nikamfungia mkanda kwa mikono yangu.

"Papa, inanibana," akasema. Alikuwa ameweka viganja viwili tumboni, chini ya mkanda.

"Lazima ibane. Isipobana haifanyi kazi. Ukiwa mu njia ukisikia imelegea, kaza tena."

"Nikaze?"

"Kaza mpaka mwisho. Siku ya kwanza itauma, ya pili utazoea."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani anastaajabia kazi yangu. Macho yalimjaa machozi nami nikajiambia: ona, mtoto anashukuru. Lile begi la kijani tulimrudishia Lionel siku hiyohiyo, nililibeba mwenyewe. Alilipokea, akaniangalia kama mtu aliyepigwa. Nilidhani ni aibu.

Nuru alisafiri Jumatatu. Nilimwombea dua, nikampiga begani, nikamwambia kama tunavyowaambia wafanyabiashara wote waendao machimboni: "Enda vizuri, urudi mwepesi."

Safari yake huwa siku kumi na mbili. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, Lionel alisimamisha pikipiki mbele ya nyumba yangu. Nuru alikuwa amefungwa kwake kwa kanga ili asianguke. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Vicky aliacha maharagwe yake, akamwingiza ndani, akafunga pazia, akaitisha maji ya moto. Mimi na Lionel tulibaki uani, hatutazamani.

Vicky alipotoka, alikuwa na beseni lililofunikwa kitambaa. Alisema taratibu, "Papa Asumani, mutoto alikuwa na mimba. Imetoka mu njia. Damu imepunguka sasa, lakini tumupeleke ku zahanati."

Nilimrukia Lionel. Nina miaka sitini na mbili, lakini nilimshika shati mpaka vifungo vikakatika. Nilimwita majina ambayo sitayaandika. Hakujitetea. Alipopata pumzi akasema:

"Papa, si ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Alikuambia. Aliniambia alikuambia ye mwenyewe, na mudomo yake. Anasema ulimujibu uzito itoke kabisa, hata gramu isibaki. Ulinirudishia begi yangu. Miye nilifikiri ndiyo jibu." Alikuwa analia. "Nilimuambia tukimbie Yanonge, mama yangu atamupokea. Alikataa. Alisema, papa amekwisha kusema."

Mikono yangu ililiachia shati lile yenyewe. Nilikaa chini, palepale mavumbini, na maneno yakaanza kunirudia moja moja, kila moja na maana yake ya pili.

Kwenye zahanati muuguzi alisema huwezi kujua. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa mwendo, wanawake wengi hupoteza mimba hata wakilala kitandani. Nilimuuliza kuhusu mkanda. Akauliza mkanda gani.

Nuru alirudi nyumbani baada ya siku mbili. Nilimpikia lituma, ndizi za kupondwa, nikamkalia karibu, akala kidogo. Hakulia. Ndilo lililonitisha: tangu alipoteremshwa kwenye pikipiki hakuna aliyemwona akilia. Alikuwa mtulivu, anasema asante, anauliza habari za cherehani. Vicky alisema, "Mwache, anapumuzika." Lakini mimi sikupumzika. Sikuweza kula chakula kimoja naye akiamini kwamba mimi, baba yake, nilimwagiza ayafanye yale. Nilitaka ajue. Niliona haki yake ni kujua.

Siku ya Ijumaa, baada ya kutoka msikitini, niliketi kwenye ukingo wa kitanda chake.

"Nuru. Siku ile ulikuja kuniambia. Kisha ulikunywa dawa ya mutu, ya kuitoa?"

"Hapana, papa. Sikunywa kitu. Nilikaza tu, sawa ulisema." Alisema bila lawama, kama mtu anayetoa taarifa ya kazi. "Siku ya kwanza iliuma. Ya pili nilitaka kulegeza. Nikafikiria: papa ameshona siku nne, amechoka ju yangu, hakunifukuza, hakunipiga. Nikakaza. Usisikitike. Ulinitafutia njia ya kutoka bila haya. Baba wengine wangenitupa inje."

Nililia mbele ya mwanangu kwa mara ya kwanza tangu nimzike mama yake. Nikamwambia yote. Kwamba nilikuwa na sindano mdomoni. Kwamba nilisikia begi. Kwamba uzito niliotaka kuutoa ni kilo nne na robo za chuma cha Lionel, na kwamba mkanda ni kitu nilichokiona kwenye mitumba Makiso, wa kupumzisha mabega. Niliongea haraka, nikishika miguu yake juu ya shuka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo haukujua," akasema.

"Wallahi sikujua."

"Na ungejua?"

"Ningepiga kelele siku tatu, unanijua. Halafu ningenyamaza. Halafu ningemupokea."

"Mutoto ya Lionel?"

"Mutoto yako. Ningemushonea kitu cha kumubebea mugongoni."

Aligeukia ukuta. Kisha sauti ikatoka, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata alipokuwa mdogo. Vicky alikuja mbio kutoka nje na kusimama mlangoni. Nilinyoosha mkono nimguse mwanangu, akausukuma.

"Papa," akasema, uso ukiwa bado ukutani, "leo ungenyamaza tu."