Kioo Kilichopindua Mwezi

Siku ya kumaliza msiba wa Magesa, wanaume wa ukoo walimwambia Agnetha akae kwenye mkeka asikilize. Hakukaa. Alisimama mbele ya mlango wa nyumba yake, mkono mmoja juu ya bomba jeupe lililomfika kifuani, na kila aliyekuwa uani akajua kwamba jioni hiyo haitaisha kwa sala na chakula tu.

Vitu vingine vyote alikuwa amekwisha kuvitoa. Baiskeli ya marehemu, koti lake la mvua, redio, jembe la kukokotwa na ng'ombe, hata viatu vya kwendea kanisani. Alivibeba mwenyewe, akavipanga juu ya turubai bila kulia, na Maduhu, kaka mkubwa wa marehemu, akavigawa kimoja kimoja kwa wenye haki navyo. Turubai lilipobaki tupu, Maduhu akasafisha koo.

"Kimebaki kitu kimoja."

"Hicho hakigawiwi, shemeji," alisema Agnetha.

"Nani kasema kigawiwe? Nani atakubali kuingia nacho kwake? Kinavunjwa, kinatupwa shimoni, tunafukia. Ndipo msiba uishe."

Bomba la Magesa, ndivyo watu wa pale karibu na Mhunze walivyoliita. Mwenyewe aliliita darubini, na alikasirika kidogo kila aliposikia neno bomba, ingawa kwa kweli lilikuwa bomba, la plastiki, lile nene la maji machafu. Uhai wake haukuwa kwenye plastiki. Ulikuwa chini kabisa, kwenye kioo.

Kioo hicho Agnetha alikijua kuliko alivyojua mgongo wa mkono wake. Kilianza kama vipande viwili vya mviringo, vinene kama kipande cha mkate, vilivyokatwa kutoka meza ya duka iliyovunjika Kahama. Kimoja kililazwa mezani, cha pili kikawekwa juu yake, katikati unga wa msasa na maji, kisha kusugua. Mbele, nyuma, huku unaizunguka meza taratibu ili pasiwepo upande unaoliwa kuliko mwingine. Ukisugua hivyo bila kuchoka, cha juu huliwa katikati kikawa na bonde, na cha chini huliwa pembeni kikawa na mgongo. Magesa alipokuwa machimboni Geita, Agnetha alisugua. Aliporudi likizo, alisugua yeye, na mke akapika. Majirani waliosikia ile sauti ya krr, krr, walisema watu hawa wanasaga dawa. Bonde lenyewe, baada ya kazi yote ile, halikuzidi unene wa kucha. Mwalimu mmoja wa kemia, aliyesoma na Agnetha sekondari, ndiye aliyewasaidia kukipaka fedha usoni kwa dawa za maabara na sukari, na siku kilipong'aa Magesa alikaa chini akacheka peke yake.

Kioo kikaingia kwenye bomba, wakalitoa uani na kuwaita watu. Mwezi ukiwa mpevu ulimulika mno hata jicho likatoa machozi, basi Magesa akawa anafunika nusu ya mdomo wa bomba kwa kipande cha boksi. Watu walishangaa: nusu imezibwa, lakini mwezi unaonekana mzima, umepungua ukali tu. "Kila sehemu ya kioo inauona mwezi wote," aliwaambia. Wakaguna, wakaenda kula.

Balaa lilianza na mwezi mchanga. Huku kwetu mwezi mchanga hulala chali, pembe juu, kama bakuli. Novemba, wakati wa kungojea mvua, Philomena, dada yake Magesa, aliinamia tundu la pembeni akachungulia, akaruka nyuma.

"Jamani! Umemwagika!"

Ndani ya bomba bakuli lilikuwa limefudikizwa, pembe zinatazama chini. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Walicheka pia siku ya pili. Lakini mvua ilinyesha mara mbili, nyepesi, kisha ikakata. Pamba ilichipua ikanyauka. Ng'ombe wa Maduhu walianza kushindwa kuamka zizini, wakawa wanainuliwa kwa mkia. Januari ikaja simu kutoka Geita kwamba kifusi kimeporomoka duarani, ndani ya shimo la dhahabu, na Magesa yumo. Neno la Philomena, lililosemwa kwa mzaha, likaokotwa na watu wasiokuwa na mzaha.

"Tuliona kwa macho yetu," Maduhu alisema sasa, na wanaume wakaitikia kwa kuguna. "Mwezi ulikuwa na maji, mkaupindua. Maji yakaenda, ng'ombe wakaenda, na ndugu yangu akaenda. Wewe mwanamke, unataka kiende nini tena?"

"Nataka kijiko," alisema Agnetha.

"Nini?"

"Wifi, niletee kijiko cha kupakulia. Kile kikubwa cha bati, kinachong'aa."

Philomena alitoka jikoni nacho kinachuruzika mchuzi. Agnetha alikifuta kwa kanga yake, akampa tena.

"Jitazame upande wa ndani, kwenye bonde."

Philomena alijitazama. Akakisogeza. Akakigeuza, akajitazama tena.

"Yesu na Maria! Niko kichwa chini!"

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Chakula kimemwagika?"

"Kipo kwenye sufuria."

"Basi wapelekee na wao."

Kijiko kilipita mkono kwa mkono. Mzee mmoja alitoa meno, mwingine alitikisa kichwa ili kuona kama yule wa kwenye kijiko naye atatikisa. Kicheko kidogo kilipita uani, cha kwanza tangu mazishi.

"Kioo chenye bonde ndivyo kilivyo," Agnetha alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, ilikuwa imenyooka. "Mwanga wa pembe ya juu ukipiga pale, unarudi kuelekea chini. Wa chini unarudi kuelekea juu. Njiani unapishana, na wewe unaona kinyume. Halafu kuna kioo kingine kidogo kimekaa mshazari karibu na mdomo wa bomba, chenyewe kinausukuma mwanga utoke pembeni, mahali pa jicho. Hakuna kilichopinduliwa mbinguni. Jicho lako, shemeji, ni kikombe kidogo cha kukingia mwanga. Hiki kioo ni beseni. Ndiyo tofauti yenyewe."

"Unatufundisha?"

"Ndiyo. Maana mmenihukumu kwa kitu msichokijua."

Mtu mmoja alisema, "Mayu, mama yangu, taratibu." Agnetha hakwenda taratibu.

"Na kama mnatafuta kilichomuua Magesa, mimi nilikwenda hadi mdomoni mwa lile duara. Halikuwa na matimba. Hakukuwa na gogo hata moja la kuzuia kifusi. Wenzake walisema walimwomba Sostenes, mwenye duara, akasema wachimbe kwanza. Sostenes kawaletea fahali, ndiye huyo yuko kwenye sufuria. Mwezi haukuleta kitu, ndiyo maana mnaulaumu."

Waliokuwa wamekwisha kuonja nyama walitazama vidole vyao.

Maduhu alisimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameuchimba mchanga wa kaburi la mdogo wake kwa mikono yake, na tangu siku ile hakuwa amelala vizuri. Lakini alikuwa ameahidi mbele ya ukoo kwamba leo ataliondoa jambo hili, na sasa shemeji yake alikuwa amewafanya wazee wajitazame kwenye kijiko.

"Jua linazama," alisema. "Mwezi ule pale. Nitaangalia mwenyewe. Nikiukuta umepinduka, navunja."

"Utaukuta umepinduka. Nimekwisha kukuambia kwa nini."

"Basi navunja."

"Angalia kwanza."

Mwezi mchanga ulikuwa umejitokeza upande wa machweo, mwembamba, umelala chali juu ya mbuga kavu. Agnetha alililaza bomba kwenye kiti chake cha mbao, akalizungusha, akalisogeza kidogo kwa kidole. Maduhu aliinama. Alikaa pale kwa muda mrefu kuliko watu walivyotegemea. Mdomo wake ulifunguka. Kwenye ile kingo ya mwezi, mahali mwanga unapokutana na giza, aliona mashimo, moja ndani ya jingine, yenye kuta na vivuli, kama machimbo yaliyoachwa.

"Kuna maduara," alisema polepole.

"Ni mashimo ya mawe yaliyoanguka kutoka juu, zamani. Hakuna aliyefukiwa humo. Sasa inua kichwa, shemeji. Utazame kwa macho yako. Umemwagika?"

Maduhu aliinua kichwa. Mwezi ulikuwa pale pale, bakuli limekaa sawa, pembe juu. Aliinama tena, akainuka tena. Watu wote walimwona akifanya hivyo. Na nadhani ni kule kuonekana ndiko kulikomponza, maana aliishika ghafla ile plastiki kwa mikono yote miwili.

"Nimesema kinavunjwa!"

Agnetha naye alishika. Walivutana, yeye upande wa mdomo, Maduhu upande wa chini, na wanawake wakaanza kupiga kelele. Ubao wa kitako ukalegea. Kioo kikateleza kutoka kwenye bomba, kikaangukia jiwe la kusagia.

Hakikutoa mlio mkubwa. Kilisema *ta*, kama mtu anayevunja muwa. Kikawa vipande viwili.

Maduhu aliliachia bomba. Alivitazama vile vipande, akamtazama shemeji yake, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

"Basi," alisema. "Limekwisha. Tuombe, tule."

Hakuna aliyesogea. Agnetha alipiga magoti. Watu walidhani sasa atalia, na Philomena alikwishamshika bega. Lakini alikuwa akitafuta ukingo wa kushika, maana kioo kile hakiguswi usoni. Aliinua kipande kikubwa, akapuliza vumbi, akakitazama. Ndani yake kulikuwa na sikio lake, shavu lake, na paa la nyumba, vyote kichwa chini.

"Wifi, kuna ukanda wa tyubu juu ya mlango. Nipe."

"Kimepasuka, wifi. Acha."

"Nipe tyubu."

Alikikaza kipande kwenye ubao wake kwa ule ukanda wa mpira, akaurudisha ubao kwenye kitako, akafunga nati. Wanaume walikuwa wamesimama sasa, hakuna aliyekumbuka kukaa. Mbinguni palikuwa pamegeuka rangi ya majani ya chai yaliyokauka na mwezi ulikuwa ukishuka. Agnetha aliweka jicho kwenye tundu, akakuta giza. Akageuza nati moja, akatazama, akageuza nyingine. Mwanga ulipita pembeni, ukapotea. Akairudisha nati nyuma kidogo. Akatulia.

Alikaa hivyo mpaka Philomena hakuvumilia.

"Kuna nini?"

"Njoo."

Philomena alifuta mikono kwenye kanga, akainama, akafunga jicho moja kwa kiganja kama alivyofundishwa na kaka yake.

"Upo!"

"Nusu?" aliuliza mzee wa kijiko.

"Wote! Ule ule, pembe zote mbili. Umefifia kidogo, lakini wote." Akaendelea kutazama, akacheka na kulia pamoja. "Na umepinduka, msiniulize tena, nimeshajiona kwenye kijiko."

Wazee walijipanga. Hakuna aliyewaita. Mmoja alivua kofia kabla ya kuinama, kama anaingia ndani ya nyumba ya mtu. Mwingine aliuliza kama yale mawe bado yanaanguka huko, na Agnetha akamjibu kwamba mara chache, na akamwonyesha mahali pa kutazama.

Maduhu alibaki kando ya jiwe la kusagia. Alikiinamia kile kipande kidogo kilichobaki chini, akakiokota, akakishika kama mtu aliyeokota kisu cha mwenzake.

"Hiki nikitupe?" aliuliza. Hakuwa akifoka tena.

"Hicho nacho kinauona mwezi wote, shemeji. Ulitaka kuliondoa bomba moja. Nitatafuta la pili, la kukiweka hicho."

Maduhu alikigeuza kile kipande, akajitazama ndani yake.

"Na likipatikana, nitaliweka njiani," Agnetha alisema, "mahali pa kupita watu wa gulioni. Atakayetaka kulivunja na lile, aje nalo jiwe lake."

Kisha akanyoosha mkono akipokee.

"Shika pembeni," alimwambia. "Usiguse usoni."