Shujaa Aliyeshuka Kula Supu

Saa nne asubuhi wateja huwa wameshapungua katika mgahawa wa Tak Geum-ok, nyuma ya soko la Nambu mjini Jeonju. Wauza mboga wameshakula alfajiri na kurudi kwenye meza zao, walevi wa jana wameshakunywa supu yao na kwenda kulala, na anayebaki ni mzee Noh Pan-su, kinyozi wa jirani, ambaye hapati mteja kabla ya mchana na haoni haya kusema hivyo. Saa hiyo Geum-ok huketi kwenye kigoda na kuchambua machipukizi ya soya ya kesho, akikata mkia mmoja baada ya mwingine, huku akitazama marudio ya tamthilia kwenye televisheni iliyowekwa juu ya jokofu la kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili.

Tamthilia ilimhusu kijana aitwaye Kang Mu-yeol, mwenye kimgahawa huko Seoul, ambaye mwenyekiti wa kampuni kubwa ya vyakula alimchomea moto jiko lake ili ajenge ghorofa mahali pale. Mu-yeol alikuwa ameapa kulipiza kisasi. Nchi nzima ilikuwa ikimfuatilia, na Geum-ok alikuwa na sababu zake za kumfuatilia zaidi ya wengine.

Jumanne moja ya mwezi Novemba, katikati ya sehemu ya kumi na moja, Mu-yeol aliandaliwa bakuli la wali. Kabla hajashika kijiko, mwenyekiti akaingia akaipindua meza. Mu-yeol aliutazama ule wali sakafuni. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwenye televisheni. Kisha akageuka, akapitisha mguu mmoja nje ya kioo, akakanyaga mfuniko wa jokofu, akashuka. Alivua viatu, akavipanga vizuri chini ya jukwaa la mbao la kukalia, akakunja miguu mbele ya meza.

"Mama mdogo, naomba supu," alisema. "Sehemu kumi na moja sijatia kitu tumboni. Kila nikiandaliwa, ama simu inalia, ama mtu ananimwagia."

"Yenye pilipili au bila?" Geum-ok aliuliza.

"Yenye pilipili."

Mzee Noh alisogeza gazeti lake ili kumpa nafasi. Kwenye televisheni mwenyekiti alibaki amesimama peke yake, hajui pa kuweka mikono, mpaka matangazo ya biashara yalipomwokoa.

Mu-yeol alikula mabakuli mawili bila kuinua uso, jasho likimtiririka puani. Alipomaliza aliuliza supu ile inaitwaje.

"Haina jina," alisema Geum-ok.

"Ilikuwa nalo," mzee Noh alidakia. "Mwambie, Mama Eun-sil. Huyu ndiye wa kuambiwa."

Geum-ok akamwambia, bila kuacha kuchambua. Supu ilikuwa ya mama mkwe wake, Chil-bok, na kwa miaka arobaini kibao cha mlangoni kilisomeka "Kwa Bibi Chil-bok". Miaka mitano nyuma akaja kijana mstaarabu aitwaye Bong Tae-sik, mtumishi wa kampuni ya Geumsol. Alikula pale kila asubuhi kwa miezi mitatu. Alimwita Geum-ok mama, na mara mbili alimbebea magunia. Alisema supu kama ile ni aibu kuwanyima watu wa mbali, na kwamba wataitengeneza pamoja. Geum-ok akamfundisha kila kitu: kichwa cha samaki mkavu, mwani mpana, sufuria isifunuliwe mpaka machipukizi yaache kunuka ubichi, na uduvi uliokaa kwenye chumvi miaka mitatu. Baada ya hapo Bong hakuonekana tena. Ilionekana supu, katika pakiti, kwenye kila duka la nchi: Supu ya Bibi Chil-bok. Palikuwa na picha ya bibi anayecheka, na bibi huyo hakuwa Chil-bok, kwa sababu Chil-bok hakuwa na tabia ya kucheka. Kisha ikaja barua kwamba jina lile ni mali ya Geumsol na kibao kishushwe. Mahakamani hakimu aliuliza swali moja tu, nani aliandikisha jina kwanza. Sasa juu ya mlango paliandikwa SUPU, basi.

Mu-yeol alipiga meza kwa ngumi, mabakuli yakaruka.

"Nitamwangusha! Hata ikinichukua miaka kumi!"

"Ulisema hivyo sehemu ya tatu," mzee Noh alimkumbusha. "Na ya saba."

"Safari hii nasema kwa ajili yake."

Geum-ok alijua ni upuuzi kumtegemea mtu aliyetoka juu ya jokofu. Lakini mawakili wawili, diwani mmoja na mwandishi wa habari mmoja walikuwa wamemsikiliza kwa heshima kubwa na hawakufanya lolote, na wote wale walikuwa wameingia kwa mlango. Siku ya pili alifunga mgahawa. Hakuwa amefunga siku ya kazi tangu mazishi ya mama mkwe.

Walipanda basi la kwenda Iksan, kwenye ofisi za Geumsol. Abiria walimtambua Mu-yeol mara moja.

"Bosi Kang, usimsamehe yule mshenzi!" alipiga kelele mama mmoja wa viti vya nyuma, akampa machenza manne. Mu-yeol aliyala yote kabla ya kituo cha pili, na maganda yake Geum-ok akayatia mfukoni.

Ofisini mlinzi aliomba picha. Msichana wa mapokezi aliomba picha. Bong Tae-sik, ambaye sasa alikuwa mkurugenzi, alishuka ngazi mbio badala ya kungoja lifti.

"Mama!" alisema, akainama mpaka kiunoni. "Siku nyingi mno! Bado unapika? Magoti yanaendeleaje?"

Geum-ok alikuwa amejiandaa kwa mtu atakayejifanya hamjui. Kwa huyu aliyekumbuka magoti yake hakuwa amejiandaa.

Mu-yeol akasonga mbele na kuanza kusema. Alisema vizuri. Alisema juu ya mikono ya watu wanaoamka kabla ya jua, juu ya moto unaowashwa na kizazi kimoja na kutunzwa na kingine, juu ya wakubwa wanaodhani jiko la mtu ni kitu cha kuokota. Wafanyakazi walitoka vyumbani wakajipanga kandokando ya ukumbi. Msichana wa mapokezi alilia. Bong mwenyewe alitoa kitambaa akajifuta macho. Kisha ikafika mahali pa kumnyooshea kidole na kumtaja. Mu-yeol akanyoosha kidole, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

"Supu ya Bibi Chil-bok," alisema kwa sauti ileile ya hasira. "Joto la nyumbani, dakika tatu tu."

Akafunga mdomo. Akajaribu tena.

"Mimina maji ya moto, koroga, furahia."

Watu walipiga makofi.

"Sisi ndio wadhamini wa tamthilia tangu sehemu ya kwanza," Bong alimweleza Geum-ok kwa upole. "Ile pakiti aliyoishika kwenye sehemu ya nne ni yetu. Hata hilo koti ni letu. Watu wanapenda sana habari za mnyonge, mama. Mauzo yamepanda mara mbili."

"Nirudishie jina la mama mkwe wangu," alisema Geum-ok.

"Ningekuwa na uwezo, mama, ningekurudishia leo hii. Lakini mambo ya majina yako idara nyingine."

"Idara hiyo iko wapi?"

"Seoul."

"Nimeshakwenda Seoul. Waliniambia iko Iksan."

Bong alisikitika kwa dhati. Akaagiza waletewe katoni ya supu, pakiti ishirini na nne, kama zawadi. Geum-ok aliiweka sakafuni akatoka. Mlinzi aliwakimbilia mpaka kituo cha basi, akihema, katoni kichwani.

"Mama, umesahau mzigo wako!"

Ndani ya basi Geum-ok alitaka kuitupa dirishani, lakini madirisha ya basi lile hayakuwa ya kufunguka. Akakaa nayo mapajani njia nzima.

"Nilikuwa nataka kusema mwizi," alisema Mu-yeol. "Nilikuwa nalo hapa, kooni. Mdomo ukasema dakika tatu."

"Nimesikia."

"Mama mdogo, mimi sikuandikwa hivyo."

"Nimesema nimesikia!"

Abiria wa mbele aligeuka. Geum-ok alimtazama mpaka akageukia mbele tena.

Mu-yeol alirudi ndani ya kioo kumalizia kazi yake, na tamthilia iliisha baada ya wiki mbili na nusu. Katika sehemu ya kumi na sita mwenyekiti alipiga magoti kwenye mvua na kuomba msamaha, na mgahawani wateja walishangilia, wakagonganisha bilauri. Mzee Noh alilia waziwazi. Geum-ok alizima jiko, akasimama na mwiko mkononi, akatazama mpaka majina ya waigizaji yalipokwisha.

Asubuhi yake Mu-yeol alishuka kutoka juu ya jokofu akiwa na begi, kwa kuwa hapakuwa na sehemu ya kumi na saba.

"Ilikuwaje," Geum-ok alimuuliza, "alipopiga magoti?"

"Walikuwa wamemfunga vitambaa laini magotini. Akaniomba tufanye haraka, anasikia baridi."

"Na wewe ukajisikiaje?"

"Nilisimama tu. Hawakuniandikia kitu cha kujisikia."

Alibaki pale. Jikoni hakuwa na faida kubwa, kwani katika tamthilia nzima alikuwa akikoroga sufuria zilizokwishapikwa na mtu mwingine. Geum-ok alimfundisha kuosha mabakuli ya udongo bila sabuni, na baadaye kuosha machipukizi. Watu walianza kuja kutoka Gwangju na Daejeon ili wapige naye picha, na kwa majira yale ya baridi mgahawa ulijaa mpaka mchana. Eun-sil, binti wa Geum-ok, alipiga simu kutoka Ulsan kusema labda Mungu ameona. Geum-ok alimjibu asiseme mambo hayo kwenye simu.

Mwezi Februari ikaja barua ya Geumsol. Ilisema kwamba sura ya Kang Mu-yeol, sauti yake na koti lake ni mali iliyoandikishwa, na kwamba haruhusiwi kuonekana mahali panapouzwa supu isiyo ya kampuni. Chini palikuwa na sahihi ya Bong Tae-sik, na kwa mkono wake alikuwa ameongeza: Mama, jitunze na baridi.

Geum-ok aliisoma mara mbili. Kisha alitundika pazia kati ya jiko na meza, na Mu-yeol akahamia nyuma yake, akaosha mabakuli ameelekea ukutani. Wateja waliuliza kwa siku chache, wakazoea, wengine wakaacha kuja.

Lakini siku ile ya barua, Geum-ok alipomaliza kuisoma, mtu wa posta alikuwa bado amesimama mlangoni, akihitaji sahihi ya kuthibitisha kwamba barua imefika. Geum-ok alifuta mikono kwenye aproni, akachukua kalamu, akaandika Tak. Hapo akasita. Akamuuliza kama jina hili nalo limeshaandikishwa na mtu.

Mtu wa posta alisema hajui. Yeye kazi yake ni kuleta barua tu.