Mkono Ni wa Kike

Dobi wa hoteli alirudi nyumbani hoi, vidole vimemvimba kwa sabuni. Bintiye, aliyeolewa na Mhispania, alikuwa akimfundisha Kihispania kabla wakwe hawajaja kuwatembelea.

"Mama, kwao kila kitu ni cha kiume au cha kike. Meza ni ya kike. Haya, mkono wanauita *mano*. Ni wa kiume au wa kike?"

Mama alipiga mwayo. "Neno linaishia na o, kama ulivyonifundisha. Wa kiume."

"Wa kike, mama. Ndivyo walivyolirithi neno hilo kutoka Kilatini."

Dobi akaitazama mikono yake. "Kumbe ndiyo maana haipumziki."

Binti alicheka, kisha naye akaitazama. Akafunga kitabu, akaleta maji ya uvuguvugu, akamkanda vidole kimoja kimoja mpaka usingizi ukamchukua pale pale kitini.