Pua na Ozoni Iliyopotea
Fundi huyu wa majakuzi, yale mabafu ya maji moto yenye viputo, watu walimwita Pua, na jina hilo lilimvimbisha kichwa. Mafundi wengine walitembea na mita za kupimia. Yeye alipiga magoti, akafungua mlango mdogo wa ubavuni mwa jakuzi, akachomoa mpira mwembamba unaopitisha ozoni, akaunusa. "Ipo," alisema, au "Haipo," na kwa miaka ishirini hakukosea. Ozoni ni hewa kali ya kuua vijidudu majini, na kila boksi la mashine limeandikwa usiivute. Lakini mwambie mbishi! Mkewe alimwonya, "Hiyo ozoni itakuja kukutokea puani," naye akacheka mpaka machozi, akaenda kuwahadithia wenzake kama kichekesho.

Sasa ilikuwa siku ya tatu amepiga magoti kwenye kliniki ya viungo ya shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe. Maji ya jakuzi yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, na wagonjwa wa magoti walikuwa wakirudishwa nyumbani. Siku ya kwanza kosa alilipata upesi: kivali kinachozuia maji yasirudi kwenye mashine kilikuwa kimeziba kwa chokaa. Alikibadilisha, viputo vikapanda, akanusa mpira. Hakuna kitu.

Basi mashine imekufa, akasema. Akafunga mpya. Taa ya bluu ikawaka, akanusa, hakuna. Akaenda dukani kumtukana rafiki yake wa siku nyingi kwa kumuuzia kimeo, akabadilishiwa, akarudi na nyingine, na bado hakuna. Akabadilisha mpira. Akakagua nyaya moja moja. Hakuna.

"Shemeji," mwenye kliniki alimwambia asubuhi hiyo, "leo ikishindikana, kesho namwita yule fundi wa mita."

"Yule? Yule hata soksi zake hazisikii zikinuka!"

"Lakini maji yake masafi."

Maneno hayo yalimchoma. Hakuwa na cheti wala duka. Alichokuwa nacho ni pua, na ikisikika kwamba Pua ameshindwa kwa shemeji yake mwenyewe, nani atamwita tena?

Alifunga madirisha ili upepo usipeperushe harufu. Akachomoa mpira, akawasha mashine, akauweka mpira puani kabisa, akavuta. Akavuta tena, na tena. Machozi yalimtoka, kifua kikambana, akakohoa, lakini harufu hakuisikia. Akakaa chini kwenye sakafu yenye maji, suruali ikalowa, wala hakujali. Alitamani kulia.

"Nimeshindwa," alijiambia.

Shemeji aliingia na taulo mikononi. Hakufika mbali. Alijiziba uso kwa taulo moja, akakimbilia dirisha.

"Zima! Zima shemeji, unataka kutuua?"

"Kuna nini?"

"Unauliza? Harufu yote hii! Tangu juzi kliniki nzima inanuka hivi."

Pua alizima mashine. "Tangu juzi? Nilipobadilisha kivali?"

"Hapo hapo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Nani amfundishe Pua kunusa?"

Pua alinyanyuka, akafungua kopo la klorini, akalileta usoni. Akachukua chupa ya dawa ya kuchulia, ile inayowatoa wagonjwa machozi, akainusa mpaka ikamgusa mdomo. Shemeji alidhani ni mzaha wake wa kawaida.

"Kata pua uunge wajihi!" akasema huku akicheka. Kisha akauona uso wa fundi, akaweka taulo chini.

Pua alikumbuka maziwa yaliyoungua jikoni wiki iliyopita, yeye amekaa pembeni anasoma gazeti, mpaka mkewe alipokuja mbio akimgombeza. Akakumbuka Jumapili, binti yake alipomletea mjukuu wa kwanza, wa siku kumi na mbili. Alikuwa amemnusa utosini kwa muda mrefu, akatangaza kwa fahari, "Kitoto kisafi hiki, hata maziwa hakinuki!" Wote walicheka, naye alicheka kuliko wote.

"Imenitokea puani," alisema. Hakuna aliyecheka.

Aliichukua ile mashine ya zamani, aliyoitupa kwenye boksi siku ya kwanza, akairudisha mahali pake. Haikuwa na ubaya wowote. Akakaza skrubu, akawasha, taa ikawaka. Mpira alikuwa ameushika, na mkono ukaanza kupanda wenyewe kuelekea usoni. Akauzuia katikati.

"Shemeji," alisema bila kumtazama, "hebu sogea. Kwa mbali tu, usivute sana."

Shemeji aliinama, akanusa kidogo, akarudisha kichwa haraka.

"Ipo," alisema.